Fanta ni ya nani na imetoka wapi? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara depo kwetu Kirumba

Nauza soda kwa jumla Kirumba, Mwanza, si mbali na soko la samaki la Mwaloni. Wanaokuja kuchukua mzigo ni mama lishe, wenye maduka ya Mabatini na Pasiansi, kamati za harusi, na wafanyabiashara wa visiwani wanaowahi meli ya Nansio. Kreti zikiwa zinapangwa kwenye guta, watu husimama kivulini wakauliza hili na lile, na soda inayoulizwa kuliko zote ni Fanta. Mwaka jana mwanafunzi mmoja wa sekondari alinisogezea simu yake. Ndani kulikuwa na ujumbe unaosema Fanta ni "soda ya Hitler". Akaniuliza kwa heshima zote: "Shikamoo mzee. Sasa mama akinituma Fanta ya wageni, nikatae?" Siku ile sikuwa na jibu la maana, na iliniuma, maana nimeuza soda hiyo miaka mingi. Nikaanza kusoma. Haya ndiyo ninayowajibu watu sasa.

Fanta ilianzia nchi gani?

Ujerumani, mwaka 1940. Wengi hutaja Marekani kwa kuwa kampuni inayoimiliki ni ya huko, na wachache waliowahi kusoma soma hutaja Italia kwa sababu ya machungwa. Wote wameshika kipande cha ukweli, lakini kuzaliwa ilizaliwa Ujerumani, vita ikiwa imepamba moto.

Coca-Cola ilikuwa imeshaota mizizi Ujerumani kabla ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Makao ya tawi lake yalikuwa mji wa Essen, na aliyeliongoza ni Mjerumani aliyeitwa Max Keith. Viwanda vilikuwepo, chupa zilikuwepo, malori yalikuwepo, na watu wa kuuza walikuwepo. Kilichotegemewa kutoka nje ni kiini, yaani ule mchanganyiko wa siri unaoipa Coca-Cola ladha yake. Vita ilipoanza mwaka 1939 Waingereza wakazuia meli, kiini kikawa hakifiki. Marekani ilipoingia vitani Desemba 1941, mlango ukafungwa kabisa. Keith akabaki na mitambo isiyo na cha kujaza.

Akawaagiza wakemia wake watengeneze kinywaji kwa vitu vinavyopatikana humo humo nchini. Na nchi iliyo vitani haina kingi. Walichukua maji yanayobaki maziwa yakishagandishwa kuwa jibini, wakachukua na makapi ya matofaa yaliyokwisha kukamuliwa juisi. Matunda mengine yaliingia kadiri yalivyopatikana, hivyo ladha na rangi havikukaa mahali pamoja. Fanta ya mwezi huu haikufanana na ya mwezi uliopita. Rangi ya chungwa tunayoijua haikuwepo. Utamu ulitoka kwenye sakarini, kitu kitamu cha kutengenezwa kiwandani badala ya sukari, kisha wakaruhusiwa kutia sukari kidogo ya viazisukari.

Mwaka 1943 ziliuzwa karibu kreti milioni 3. Si zote zilizonywewa kama soda. Sukari ilikuwa ya mgawo, kwa hiyo watu waliimimina Fanta kwenye supu na mchuzi ili wapate utamu. Nilipomsimulia hili mama mmoja anayenunua kwangu, mtu wa umri wa mama yangu mzazi, alitikisa kichwa akasema miaka ile ya foleni za duka la kaya yeye alikunywa chai kwa pipi: unaiweka pipi mdomoni, unapiga funda la chai juu yake. Hakuhitaji maelezo zaidi kuhusu Ujerumani.

Jina Fanta maana yake nini?

Limekatwa kutoka neno la Kijerumani *Fantasie*, yaani uwezo wa mtu kuwaza kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Inasimuliwa kwamba Keith aliwaita watu wake kikaoni kutafuta jina, akawaambia waziachie fikra zao zitembee. Muuzaji mmoja, Joe Knipp, akadakia papo hapo: "Fanta!" Kikao kikaisha.

Nalipenda jina hili kwa kuwa halina ugumu kwenye ulimi wa mtu yeyote. Bibi asiyejua kusoma kule Ukara analitamka sawasawa na mkurugenzi wa Coca-Cola kule Atlanta, Marekani.

Eti ni kweli ilibuniwa na Hitler, au ni soda ya Wanazi?

Hitler hakuibuni, na chama chake hakikuibuni. Iliundwa na wafanyakazi wa tawi la Coca-Cola waliotaka kiwanda chao kisife. Max Keith mwenyewe hakujiunga na chama cha Nazi.

Lakini sitaki kumpa kijana nusu ya jibu. Biashara ile iliendelea ndani ya nchi iliyotawaliwa na Wanazi, kwa vibali vya serikali yao, katika miaka ambayo Wayahudi na watu wengine kwa mamilioni walikuwa wanauawa. Keith alipewa hata usimamizi wa viwanda vya Coca-Cola katika nchi ambazo Ujerumani ilizivamia. Mtu hawezi kupewa kazi kama hiyo bila kuelewana na wenye mamlaka. Vita ilipokwisha, aliikabidhi biashara kwa wenye mali kule Atlanta, nao wakaendelea kumtumia na kumheshimu. Kwa wenye kampuni alikuwa mlinzi mwaminifu wa mali yao. Mimi naona mambo yote mawili ni kweli kwa pamoja, na anayekusimulia moja akaliacha la pili anakupunja.

Kampuni yenyewe iliwahi kujikwaa hapo. Mwaka 2015, Fanta ilipotimiza miaka 75, tangazo la Ujerumani lilizungumzia zile siku nzuri za zamani. Watu wakahoji: siku nzuri zipi, hizo za mwaka 1940? Tangazo likaondolewa.

Yule mwanafunzi alirudi baada ya wiki mbili nikamweleza hivi hivi. Nikamwambia amletee mama yake Fanta ya wageni, na akiulizwa historia yake aieleze yote.

Sasa hayo machungwa yaliingia lini?

Mwaka 1955, mjini Naples, Italia. Coca-Cola iliporudi kutengenezwa Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1940, Fanta ya makapi iliachwa; hakuna aliyetaka kukumbushwa njaa. Jina likabaki kabatini. Kisha Pepsi ikaanza kuleta vinywaji vya ladha mbalimbali, na Coca-Cola, ambayo kwa miaka karibu 70 ilikuwa imeng'ang'ania soda moja tu, ikaona inaachwa. Wajazaji wa Naples, eneo lenye machungwa ya kumwaga, wakatengeneza soda ya machungwa, na jina lililokuwa limelala likaamshwa. Hiyo ndiyo Fanta unayoijua. Kutoka pale ikaenea, na mwaka 1960 kampuni ya Atlanta ikalinunua rasmi jina hilo.

Kwa hiyo kinywaji cha Ujerumani na kinywaji cha Italia vinashirikiana jina tu. Ukinywa Fanta leo hunywi kitu chochote cha mwaka 1940.

Ni ya nani leo?

Jina, nembo na kiini ni mali ya The Coca-Cola Company ya Atlanta, jimbo la Georgia, Marekani. Hakuna kampuni inayoitwa Fanta. Ni jina mojawapo katika ghala kubwa la majina: Coca-Cola yenyewe, Sprite, Stoney Tangawizi, Novida na mengine mengi.

Na Coca-Cola ni ya nani? Hisa zake zinauzwa kwenye soko la hisa la New York, kwa hiyo wenye nayo ni wengi sana. Mwenye fungu kubwa kuliko wote ni Berkshire Hathaway, kampuni iliyoongozwa kwa miongo mingi na Warren Buffett, yenye hisa milioni 400, karibu asilimia 9. Alianza kuzinunua mwaka 1988. Wale wanaoniambia soda hii ni ya tajiri fulani mmoja, au ya dini fulani, au ya nchi fulani ya Mashariki ya Kati, nawajibu kwamba majina ya wenye hisa wakubwa hutangazwa kila mwaka, yeyote anaweza kuyasoma.

Coca-Cola ilianza kuuzwa Mei 1886 kwenye duka la dawa mjini Atlanta. Aliyeichanganya alikuwa mfamasia, John Pemberton. Hakuishi kuona utajiri wake. Alifariki mwaka 1888, na haki zikaangukia kwa mfanyabiashara Asa Candler.

Kama ni ya Wamarekani, kwa nini chupa imeandikwa Mwanza?

Swali hili nalipenda kuliko yote, maana jibu lake ndilo linalonilisha.

Mwaka 1899 mawakili wawili kutoka Chattanooga, Benjamin Thomas na Joseph Whitehead, walimwendea Candler wakaomba haki ya kuitia Coca-Cola kwenye chupa. Candler aliamini soda ni ya kunywea dukani kwenye glasi. Akawapa haki hiyo kwa dola 1. Tangu hapo kazi ikagawanyika: kampuni mama inatengeneza kiini na kulinda jina, na makampuni mengine, kila moja na eneo lake, yananunua kiini, yanaongeza maji, sukari na gesi, yanajaza chupa na kuuza. Mfumo huo ndio unaotumika dunia nzima hadi leo.

Hapa kwetu Kanda ya Ziwa, mwenye eneo ni Nyanza Bottling Company, yenye kiwanda hapa hapa Mwanza. Moshi yupo Bonite Bottlers. Dar es Salaam na Mbeya ni Coca-Cola Kwanza, ambayo iko chini ya Coca-Cola Beverages Africa. Na hiyo kampuni kubwa ya Afrika, Oktoba 2025, ilitangazwa kwamba asilimia 75 ya hisa zake zitanunuliwa na Coca-Cola HBC yenye makao Uswisi. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu, wako Equator Bottlers. Ziwa ni moja, jina la soda ni moja, wajazaji ni tofauti kabisa, kila mmoja na wafanyakazi wake, malori yake na hesabu zake.

Kiini chenyewe, kwa nchi nyingi za Afrika, hutoka Matsapha, Eswatini. Kampuni ilihamishia kiwanda chake huko ikitoka Afrika Kusini katika miaka ya 1980, enzi za ubaguzi wa rangi, dunia ilipokuwa inashinikiza makampuni yaondoke.

Kwa hiyo ukiifungua Fanta pale Makoroboi, sehemu kubwa sana ya kilichomo, yaani maji, imetiwa hapa hapa. Mtu aliyeendesha mtambo huenda anapanda daladala moja na wewe.

Inatengenezwaje?

Niliwahi kuingia kiwanda kimoja cha soda na mawakala wenzangu. Ukitoka mle masikio yanavuma siku nzima. Chupa elfu nyingi zinagongana zikiwa kwenye mkanda, mlio wake ni kama mvua ya mawe juu ya bati.

Kazi huanza na maji. Yanachujwa, yanauliwa vijidudu, kisha yanapitishwa kwenye mkaa maalumu unaofyonza harufu ya klorini na ladha ya udongo. Hatua hiyo ina maana kubwa, kwa kuwa ladha ya maji ya Moshi si ya maji ya Mwanza, na soda inatakiwa ilingane. Pembeni kuna matangi ya shira. Sukari inayotumika ni ile nyeupe kabisa ya viwandani, siyo ya mezani, na kwa sehemu kubwa huagizwa nje. Inayeyushwa, inachujwa, ndipo kiini kinapoingia. Harufu ya chumba kile ni ganda la chungwa lililobanduliwa sasa hivi.

Shira huchanganywa na maji, kwa kawaida sehemu moja kwa tano hivi. Mchanganyiko unapozwa hadi kukaribia ubaridi wa barafu, kisha unasukumiwa gesi ya kaboni dayoksaidi kwa kani. Lazima uwe baridi, kwa sababu maji ya baridi hushika gesi na ya moto huitema. Hilo kila mwenye duka analijua hata kama hajasoma sayansi: fungua soda ya moto uone inavyokurukia.

Chupa za vioo zina safari yake. Zinarudi zikiwa na mchanga, majani ya mrija, vipande vya sigara, wakati mwingine mafuta ya taa, maana watu huzitumia kwa kila kitu. Zinazamishwa kwenye maji ya moto yenye kostiki soda, dawa kali inayong'oa kila kitu hadi lebo, zinasuuzwa mara kadhaa, kisha zinapita mbele ya taa kali. Siku ile alikuwepo dada mmoja amekaa mbele ya ile taa, macho hayapepesi, mkono unadaka chupa yenye ufa kabla sisi hatujaiona. Wakamwambia apumzike baada ya muda mfupi, mwingine akakaa. Macho huchoka haraka kuliko mgongo.

Mwisho ni kujaza, kupiga kizibo na kuchapa tarehe. Kizibo chenyewe ni kazi ya William Painter wa Baltimore, aliyekipatia hataza mwaka 1892. Kina meno 21. Chukua kimoja uhesabu.

Ndani kuna machungwa kweli?

Inategemea nchi, na hapa ndipo watu hushangaa. Fanta ya machungwa ya Marekani haina juisi hata tone. Ya Italia kwa miaka mingi, hadi mwaka 2018, ilikuwa na asilimia 12, kwa kuwa sheria yao haikumruhusu mtu kuita kitu kinywaji cha machungwa bila kiasi hicho. Rangi nazo zinatofautiana: Ulaya ni ya njano iliyopauka, Marekani inang'aa kama jaketi la bodaboda. Tangu mwaka 2010, Umoja wa Ulaya unadai onyo kwenye chakula chenye rangi fulani za kutengenezwa, zikiwemo zile za njano na chungwa, na viwanda vingi vikaona heri kubadili rangi kuliko kuandika onyo.

Kwa ya hapa, geuza chupa usome orodha ya viambato. Kinachotangulia kutajwa ndicho kingi. Utakuta maji, kisha sukari. Nasema wazi kwa kuwa wapo wazazi wanaomnunulia mtoto mgonjwa Fanta wakidhani wamempa matunda. Machungwa mawili ya sokoni yatamfaa kuliko hiyo.

Ina sukari kiasi gani? Mwenye kisukari anywe?

Hesabu mwenyewe. Kwenye lebo tafuta gramu za sukari kwa mililita 100. Ikiwa ni 12, chupa ya mililita 300 ina gramu 36. Kijiko kimoja cha chai ni kama gramu 4, kwa hiyo hapo una vijiko 9. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 50 hivi za sukari ya kuongezwa kwa siku, na ikiwezekana abaki kwenye 25. Chupa moja imeshavuka hiyo 25.

Uingereza ilipoweka kodi ya sukari kwenye vinywaji, Aprili 2018, Fanta ya kule ilikuwa imeshashushwa hadi chini ya gramu 5 kwa mililita 100, kiwango ambacho kodi huanzia. Yaani inawezekana, wakitaka.

Mwenye kisukari afuate maelekezo ya daktari wake. Depo siyo hospitali. Nauza soda na ndiyo iliyosomesha wanangu, lakini sitamwambia mtu soda ni chakula. Ni kinywaji cha furaha, cha sikukuu na wageni. Nyumba inayokunywa kila siku na kila mlo huwa naiambia ipunguze, hata kama ni mteja wangu.

Ina kafeini?

Fanta ya machungwa haina. Coca-Cola inayo.

Sprite, Mirinda, Pepsi: zote ni ndugu?

Sprite ni mtoto wa Fanta, hilo ndilo linalowashangaza wengi. Mwaka 1959 Ujerumani Magharibi walitoa Fanta nyeupe ya limau; mwaka 1961 ikaingia Marekani kwa jina la Sprite.

Mirinda ni ukoo mwingine. Ilianzia Uhispania mwaka 1959, na jina lake ni neno la Kiesperanto, lugha ya kubuniwa, lenye maana ya kitu cha kustaajabisha. Leo ni ya PepsiCo, na hapa nchini hutengenezwa na SBC Tanzania pamoja na Pepsi, 7Up na Mountain Dew. Nao wana kiwanda Mwanza. Ndiyo maana kreti za Mirinda hazipokelewi kwenye lori la Fanta, na kila wiki kuna mtu tunabishana naye juu ya hilo.

Kwa nini wageni kutoka Rwanda wakiagiza fanta wanaletewa Fanta halafu wanalalamika?

Kwao neno fanta ni soda yoyote. Muulize kwanza: fanta gani? Wauzaji wa stendi ya Nyegezi walishazoea.

Ya chupa ya kioo na ya teki-awei, ipi bora?

Soda ni ile ile. Tofauti ni chombo. Plastiki huiachia gesi ipenye taratibu, kwa hiyo soda ya plastiki hupooza mapema kuliko ya kioo, na tarehe yake ya kuisha huwa karibu zaidi. Iliyokaa juani mbele ya duka hupooza upesi na ladha huchakaa. Mtu anayesema ya kioo ni kali zaidi hajidanganyi.

Mimi ni mtu wa kioo. Chupa ya kioo huzunguka, inarudi, inaoshwa, inajazwa tena. Ya plastiki naiona ikielea pale Mwaloni katikati ya mitumbwi, kila baada ya mvua.

Kwa nini nidaiwe chupa? Soda nimeshalipia.

Ulichonunua ni kilichomo. Chupa na kreti umeazimwa, na mimi pia nimeazimwa. Ukiivunja, mimi ndiye ninayeilipia nikienda kuchukua mzigo mwingine, na kreti yenye chupa 23 hairudi kuwa kreti.

Nimekulia Nansio. Mgeni akifika nyumbani, mama alikuwa anafungua fundo la kanga, anatoa hela, ananipa na chupa tupu. "Kimbia, ufike kabla hajamaliza kusalimiana na baba yako." Nilikuwa naichomeka kidole mdomoni ile chupa ili isinidondoke, nakimbia. Bila chupa tupu mwenye duka hakusikilizi, hata uwe mtoto wa nani. Opena ilikuwa imefungwa kwa kamba kwenye kaunta. Anafungua, kizibo chaangukia vumbini, nakiokota, narudi polepole sasa, mkono mmoja umeziba mdomo wa chupa nzi wasiingie. Mgeni mwenye adabu alikuwa anabakiza vidole viwili chini, kwa ajili ya watoto. Tuliipokea chupa na kupeana kwa zamu, kila mmoja funda moja, mdogo akitangulia. Kwa miaka mingi niliamini Fanta ni kile kilichobaki chini ya chupa.

Nitatambuaje soda iliyoharibika?

Angalia mambo matatu: tarehe, kizibo na gesi. Kizibo chenye kutu au kilicholegea, kataa. Soda ikifunguliwa bila kutoa sauti yoyote, usiinywe. Vitu vinavyoelea visivyolingana na soda nyingine za kreti hiyo hiyo, rudisha. Nembo ya TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, iwepo.

Nilipoanza biashara niliuziwa na muuzaji mmoja wa jumla kreti 15 zilizobaki siku tano kuisha muda wake, kwa bei iliyonifurahisha. Sikutazama tarehe. Zilikwenda kwenye kipaimara cha mtoto wa jirani, na watu wazima waliozionja waliziacha mezani zikiwa zimejaa. Jirani hakunisema. Nililipa hela yote, na tangu siku ile hakuna kreti inayopita mlangoni kwangu kabla sijapiga tochi kwenye tarehe.

Natumiwa mzigo visiwani. Nifanyeje ufike salama?

Sengerema na Geita siku hizi ni rahisi. Tangu Juni 2025 malori yanapita Daraja la JP Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, hakuna tena kulala foleni ya kivuko huku soda zinachemka juani. Visiwani bado ni maji.

Kreti zikae chini, kwenye sakafu ya chombo, zisirundikwe juu ya magunia. Zifunikwe turubai la rangi nyeupe, siyo jeusi. Kreti tano kwenda juu inatosha, mawimbi yakianza ya sita ndiyo inayoanguka. Ukishusha usizikimbize kwenye friji. Soda iliyotikiswa na mawimbi iache kivulini usiku mmoja itulie, ndipo uipoze. Na friji ya kugandisha usiitumie kuipoza haraka: maji yakiganda hutanuka, chupa hupasuka, na utakuwa umepoteza soda pamoja na chupa. Kreti tupu zihesabiwe Nansio mbele ya nahodha, ziandikwe kwenye karatasi, karatasi ije na mzigo. Meli ikifika hapa mchana, kijana wangu anazisubiri na guta mpaka saa kumi na mbili jioni.